Benchi la Walio Ndani ya Muda

Yule mpima ardhi hakuchelewa kwa uzembe. Hilo tulielewe mapema, maana watu hawakawii kusema. Alirudi kutoka likizo ya uzazi akakuta ukuu wa kitengo, aliokuwa akiukaimu miaka nenda miaka rudi, kapewa kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kusimamisha darubini ya kupimia. Eti mama mwenye mtoto mchanga hawezi kwenda porini. Akalalamikia ubaguzi, malalamiko yakatupwa, na barua ya kuyatupa mkurugenzi wake akaikalia mezani kimya. Kumbe muda wa kukata rufaa ulikuwa ukihesabiwa tangu barua ilipofika ofisini, si tangu ilipomfikia yeye mkononi. Alipoipata, siku ya mwisho ndiyo ilikuwa hiyo hiyo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Alimbeba mtoto mgongoni, akamkokota mdogo wake, wakaenda mbio mpaka jengo la rufaa. Mlinzi akasema watoto wachanga hawaruhusiwi kuingia, na mlinzi akishasema jambo la namna hiyo humtoi. Basi mdogo mtu akabaki kwenye ngazi za nje, mtoto mapajani, mtoto wa kiume ambaye hata kukaa alikuwa hajajua.

"Naingia na kutoka," mpima akasema.

"Nenda dada, sisi tupo."

Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha dogo la kupokelea nyaraka, na benchi moja la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu. Karani wa masjala, mzee mpole mwenye kucha safi mno, alimkaribisha kwa heshima ambayo mtumishi wa umma hajaizoea.

"Umewahi, mama. Kaa. Hapa hatumwonei mtu. Aliyefika kabla sijafunga dirisha, siku yake naisimamisha. Yumo ndani ya muda mpaka zamu yake ifike, hata ichukue muda gani. Ila usinyanyuke. Ukinyanyuka, hesabu inaendelea."

Akakaa, akashusha pumzi. Jamani, alifurahi. Tangu aipate ile barua moyo ulikuwa ukimwenda mbio, na sasa ulitulia tuli. Aliipakata rufaa yake akijiona kashinda nusu.

Benchini walikuwepo wengine, wawili wakiwa karibu naye: mama mmoja mwembamba, mpiga chapa, na dereva wa wizara mwenye mguu mfupi. Akawaamkia, wakaitikia, wakamsogezea nafasi.

"Mimi walininyima cheo kwa ajili ya mguu," dereva akasema. "Na mguu wenyewe ndio wa klachi. Nilikuwa nakanyaga vizuri kuliko wao wanavyokanyaga watu."

Mpima akacheka. Mpiga chapa akamgeukia. "Mwenzangu umetoka nje sasa hivi. Utepe wa mashine umeanza kupatikana, au bado tunaugombania?"

Mpima akadhani ni utani, akacheka tena. Mashine za chapa alikuwa ameziona stoo tu, zimerundikwa chini ya madawati mabovu. Mpiga chapa hakucheka. Alikuwa akisubiri jibu, macho makavu, na kwenye mikunjo ya sketi yake palikuwa na vumbi lililolala bila kuguswa.

Hapo ndipo mpima alipotazama chini. Kazi yake ni pembe na vivuli, huwezi kumdanganya kwa jua. Ukanda wa mwanga uliotoka dirishani ulikuwa umegusa kigae kilichopasuka alipoingia. Wamezungumza, wamenyamaza, dereva amesinzia akaamka, na ukanda uko palepale kwenye ufa, haujasogea hata unywele. Akajiambia acha woga, mama, umeifuata haki yako, kaa uichukue.

Mtoto akalia.

Kilio kilitoka nje, kwenye ngazi, na alikijua. Sasa, mama anayenyonyesha akisikia mtoto wake analia, maziwa humshuka hata awe mkutanoni, hata awe mbele ya waziri. Hayamwombi ruhusa. Mpima akajishika kifua kwa kujificha. Kikavu. Si kwamba maziwa yalikuwa machache, la, kifua kilikuwa kimya kama cha mtu mwingine.

Mtoto akaendelea kulia. Mara sauti ikawa nzito kidogo. Mara ikawa nzito zaidi, sauti ya kifua kipana, sauti ya mtoto anayejua anachokitaka na anajua kwamba hakipati.

"Anakua huyo," mpima akasema. "Anakua huko nje."

Mpiga chapa akamwekea mkono gotini. Mkono haukuwa na joto wala baridi. "Usihangaike, mwanangu. Atanyamaza," akasema kwa huruma ya kweli. "Wangu alinyamaza."

Mpima akaitazama rufaa yake. Alikuwa na haki, na wote waliokuwa kwenye lile benchi walikuwa na haki. Aliwachukia yule kijana wa darubini na mkurugenzi wake, kwa sababu alijua watakavyocheka.

Akasimama.

Maziwa yakamshuka kwa nguvu, yakalowesha blauzi, yakatiririka mpaka kwenye sketi. Nyuma yake benchi lote likasogea polepole kuziba pengo. Ukanda wa mwanga ulikuwa umepanda ukutani.

Karani akanyoosha mkono dirishani, akaipokea rufaa, akaipiga muhuri: NJE YA MUDA. "Pole sana, mama," akasema. "Ulikuwa na kesi nzuri."

Ngazini alimkuta mdogo wake, amekonda, kavaa gauni ambalo mpima hakuwahi kuliona. Mtoto alikuwa amesimama, kashikilia goti la mama yake mdogo.

"Kila siku tunakuja, dada," mdogo mtu akasema taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Kila siku mlinzi ananiambia yumo, anasubiri zamu. Nilikuwa nimekaribia kuacha."

Mpima akaketi palepale kwenye ngazi, akafungua blauzi mbele ya wapita njia wote. Mtoto akamtazama kwa muda mrefu kama anavyotazamwa mgeni, kisha harufu ya maziwa ikamvuta, akaja, akanyonya. Akamng'ata. Alikuwa na meno.

Machozi yakamtoka mpima, lakini hakumtoa.

"Ng'ata tu, baba," akamwambia. "Una haki."