Sauti Iliyopitia kwa Wifi

Barafu ya ghuba ilikatika asubuhi, palepale Inuguk alipozoea kuvuka akirudi kutoka kambi ya uwindaji. Mkewe, Tagurnaaq, aliambiwa na wawindaji waliogeuza njia wakiwa wameloa hadi magotini. Inuguk alikuwa ameahidi kuondoka mchana huo. Asipoonywa kwa redio ya upepo kabla hajaondoka na pikipiki yake ya theluji, angekuja moja kwa moja hadi kwenye maji.

Na redio ilikuwa inakoroma tu.

Jana usiku taa za angani, ile mianga ya rangi ya huku kwetu kaskazini, zilicheza mpaka zikakosa haya. Huko juu kuna tabaka linalorudisha sauti za redio chini. Taa zikishalivuruga hubaki viraka viraka, hapa lipo, pale halipo. Tagurnaaq aliyajua hayo tangu utotoni, lakini bado alipanda juu ya paa kuutikisa waya wa redio, maana alikuwa anaogopa, kisha akashuka kuita tena.

"Inuguk, unanipata? Inuguk!"

Kila jiko kijijini lilikuwa na redio, zote zikisikiliza masafa yaleyale. Hakuna aliyefungua mdomo. Walimwachia nafasi.

Mara sauti ikalipuka, utadhani mtu yuko chumba cha pili.

"We wifi! Kelele zote hizo za nini?"

Alikuwa Siasi, dada yake Inuguk, aliyeolewa Salluit, ng'ambo ya mlango-bahari, mbali mara nyingi kuliko kambini.

"Wifi, namtafuta kaka yako, simpati!"

"Humpati? Mbona namsikia hapa redioni, anakuita mpaka sauti imemkauka! Nyie majirani hamsikiani, mimi wa huku nawasikia wote. Anga limerukwa na akili leo."

"Mwambie asivuke ghuba! Barafu imekatika. Azunguke kwa nchi kavu!"

Redio ikakoroma tena. Kiraka kile kingeweza kuhama wakati wowote, na kiraka hicho ndicho kilichoshika maisha ya mumewe.

"Wifi? Wifi!"

"Subiri basi, nina mdomo mmoja!" Kisha Siasi akarudi, sauti imelainika. "Amesikia. Alishafunga mizigo, pikipiki inanguruma. Sasa ameizima. Atazunguka kesho. Anasema uache kulia."

"Silii."

"Hajakusikia. Anakujua tu."

Tagurnaaq aliketi sakafuni akalia kwa furaha, kwikwi na kamasi, kidole kimebana kitufe cha kusemea bila yeye kujua. Kwetu mtu halii redioni. Alipogundua kwamba kijiji kizima kinamsikia, akakiachia kitufe haraka, uso ukimwaka kwa aibu.

Redio ikalia tik. Mtu alikuwa amebonyeza kitufe chake bila kusema neno. Ikafuata nyingine, na nyingine, kisha zikaja kwa mkupuo, nyumba hadi nyumba.

"Wifi, nini hicho kinagonga?" Siasi akauliza.

"Majirani," Tagurnaaq akasema. "Wanashusha pumzi."