Kitufe cha Kijani

Darasa lilianza saa tisa alasiri, muda ambao Fundi Muharami hakuwa na wateja. Alisogeza ukutani redio zilizofunguliwa matumbo, akapanga mabenchi mawili, na katikati ya meza akaweka redio ya upepo aliyoinunua kwa wamisheni walipofunga ofisi yao. Duka lilikuwa nyuma ya stendi ya Buzuruga. Ilibidi dirisha lifungwe, vinginevyo wapiga debe wangejifunza Kiingereza bure.

Mwalimu Odeta alikuwa Kigongo, upande wa pili wa redio hiyo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona. Walimjua kwa sauti yake ya kukwaruza, na nyuma ya sauti hiyo walisikia honi ya kivuko kikiondoka kwenda Busisi. Yalikuwa masomo ya haraka, kila siku isipokuwa Jumapili. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na Kiingereza kilikuwa kimeanza kutakiwa kila mahali: hotelini, kwenye machimbo, kwenye viwanda vya minofu ya samaki vilivyokuwa vikiota ufukweni wakati viwanda vya zamani vikipunguza watu.

"Nawaambia mapema mtarajie nini, msije mkanilaumu," Mwalimu Odeta alisema siku ya kwanza. "Tarajieni kichwa kuuma. Tarajieni kuchekwa nyumbani. Mtaota watu wanawasemesha na ninyi hamsikii kitu. Halafu mtaanza kuwaelewa watu kabla hamjaweza kuwajibu. Hapo ndipo wengi huacha. Msiache. Ova."

Chenge, dalali wa viwanja, alibonyeza kipaza sauti akauliza kama wangeweza kuruka wakaanzia kwenye mambo ya bei. Mwalimu alimwambia aanze na salamu, kwa sababu hata tapeli husalimia kwanza. Benchi zima lilicheka.

Shamsia, binti aliyekuwa akitafuta kazi ya mapokezi hotelini, alimgeukia mwanamke aliyekaa pembeni yake. "Na wewe mama, unatafuta kazi gani?"

"Sitafuti kazi," Evelina alijibu. "Nataka kumwelewa mume wangu."

"Kumbe shemeji yetu Mzungu!"

"Msukuma wa Magu. Alifariki mwezi wa pili."

"Pole, mama," alisema Shamsia, akasogea kidogo ili Evelina akae vizuri.

Mume huyo aliitwa Mashimba. Alikuwa akipanga maboksi ya minofu katika chumba cha baridi cha kiwanda kimoja cha sangara. Jioni alirudi na vidole vyeupe kwenye ncha, akavikumbatisha kikombe cha chai mpaka rangi irudi. Hakuwa msemaji. Lakini kuhusu chumba kile aliwahi kumsimulia mkewe jambo moja: kwamba upande wa ndani wa mlango palikuwa na kitufe cha kijani, kinawaka gizani kama jicho la paka.

"Cha kazi gani?" Evelina aliuliza.

"Mali ya wenyewe. Yameandikwa maneno ya Kizungu juu yake. Sisi hatukigusi."

Kutogusa ndiyo ilikuwa adabu ya kiwandani. Aliyegusa mashine isiyomhusu alirudishwa kwao kulima pamba, na pamba yenyewe ilikuwa haina mnunuzi wa maana. Vijana wapya walifundishwa hivyo na wakongwe, hata kabla hawajapewa mabuti.

Jumamosi moja msimamizi alifunga mlango bila kuangalia ndani. Jumatatu Mashimba alikutwa ameketi juu ya boksi, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kiwanda kilileta jeneza, mfuko wa sukari na maelezo kwamba mlango ulikaguliwa na haukukutwa na kasoro.

Alizikwa Magu. Wanaume walilala nje kuzunguka moto wa matanga, kama ilivyo desturi, na siku ya kumaliza msiba moto ukazimwa, majivu yakazolewa, kila mtu akarudi kwake. Evelina naye alirudi Buzuruga, kwenye chumba chao kilicho kati ya mawe mawili makubwa. Jioni ile ile Mashimba alikuja. Alikuwa na barafu kwenye nyusi na kwenye kola ya koti. Alisimama uani, akatazama huku na huku, na ilikuwa wazi anatafuta moto.

Evelina aliwasha jiko la mkaa, akalitoa nje, akamwekea kigoda. Mashimba aliketi, akanyoosha mikono juu ya jiko, akaanza kusema. Alisema kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuwahi kuijua, maneno yale yale, taratibu, mpaka giza lilipoingia. Kisha akaondoka. Pale alipokaa palibaki maji.

Alikuja kila jioni. Evelina alimsemesha kwa Kisukuma, akamsemesha kwa Kiswahili, lakini Mashimba hakusikia. Aliendelea kumtazama vile mtu anavyomtazama abiria mwenzake kupitia kioo cha basi.

Malimi, mdogo wake marehemu, aliposikia alikuja kutoka Magu. Alikaa uani, akamsikiliza kaka yake kwa makini, kidevu juu ya fimbo.

"Anasema habari za ng'ombe," alisema mwishowe.

"Umejuaje, shemeji?"

"Angesema habari gani nyingine? Yule dume mwekundu. Anataka nimchukue mimi."

"Mbona hatamki dume?"

"Kwa Kizungu huwezi kujua dume linatamkwaje," Malimi alisema, na wiki ile ile akamchukua yule dume mwekundu.

Evelina alijaribu kuyabeba yale maneno kwa mtu anayejua Kiingereza. Aliyashika kichwani, akashuka mbio kwenye mawe kuelekea kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa karibu na barabara. Hayakufika. Yalikuwa maneno ya barafu. Alipofika mlangoni pa mwalimu yalikuwa yameyeyuka, na alipofungua mdomo yalimtoka matone tu, yakamlowesha kanga. Mwalimu alimpa kitambaa ajifute. Siku ya pili alikubali kupanda naye mpaka uani, lakini mbele ya mgeni Mashimba alikaa kimya, kama alivyokuwa enzi za uhai wake. Mwalimu alisubiri, akaaga, akasema kuna masomo ya haraka kwa Fundi Muharami.

Darasani Evelina hakuwa mjinga. Aliandika vizuri, alikumbuka. Tatizo lake lilikuwa kipaza sauti. Kilikuwa na kitufe ubavuni, na ili usikike Kigongo ilibidi ukibonyeze. Zamu yake ilipofika alikishika kile kipaza sauti kwa ncha za vidole, mbali na kitufe, akajibu kikamilifu, na upande wa pili hapakusikika kitu.

"Evelina hayupo leo?" Mwalimu Odeta aliuliza.

"Yupo, Mwalimu! Amejibu vizuri sana, ila amejijibu mwenyewe!" Chenge alidakia.

"Mama, bonyeza tu, hakiumi," Shamsia alimnong'oneza.

"Nitakiharibu."

"Kikiharibika ntakitengeneza," alisema Muharami. "Mimi ni fundi. Siku hizi ndicho kitu pekee nilicho nacho, ufundi."

Kwa sababu ya Evelina, na kwa sababu ya wengine kama yeye katika madarasa mengine, Mwalimu Odeta alilazimika kurudia amri ile moja kila siku, kwa Kiingereza, tena na tena: bonyeza kitufe, ndipo useme. Bonyeza kitufe. Bonyeza.

Kichwa kilimuuma Evelina kama alivyoahidiwa. Majirani walimcheka alipowasalimia kuku kwa Kiingereza. Usiku aliota watu wengi wanamsemesha kwa upole kuhusu jambo muhimu, akaamka bila kulijua.

Jioni moja alikuwa akipepea jiko, Mashimba ameketi kwenye kigoda, akisema kama kawaida. Katikati ya yale maneno Evelina alisikia neno moja likisimama peke yake, kama mtu unayemfahamu kwenye umati wa mnadani. Bonyeza. Aliacha kupepea. Akasubiri lizunguke tena. Lilipita, na nyuma yake likafuata lingine alilolijua: kitufe. Siku chache baadaye akapata mlango. Rangi walifundishwa mwezi uliofuata, na jioni ya siku hiyo ya rangi Evelina aliketi chini, mgongo kwenye jiwe, akaisikia sentensi nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ukifungiwa ndani, usiogope. Bonyeza kitufe cha kijani. Mlango utafunguka.

Mashimba aliisema tena. Mle ndani, Jumamosi hadi Jumatatu, alikuwa na nafasi ya kutosha ya kuisoma, na sasa aliijua kwa moyo.

Evelina alitaka kumjibu. Alitafuta maneno, na maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya kuagiza chumba hotelini. Akakaa vile vile mpaka mumewe alipoinuka na kuondoka.

Kesho yake hakwenda darasani. Alikwenda kiwandani, akasimama getini zamu zikibadilishana, akawaambia wafanyakazi kwa Kiswahili kitufe kile ni cha nini. Walimsikiliza. Mzee mmoja alivua kofia. Kisha Evelina akaomba kumwona meneja, na kwa kuwa aliomba kwa Kiingereza, mlinzi alimfungulia.

Meneja alikuwa mgeni, mtu mstaarabu. Alimkalisha kwenye kiti chenye mto. Evelina aliyasema aliyoyapanga usiku kucha, polepole, bila kukosea: mume wangu alikuwa Mashimba, alikufa kwenye chumba chenu, hakujua kusoma maneno ya mlangoni, naomba muyaandike kwa Kiswahili.

 Meneja akamwambia Kiingereza chake ni kizuri sana. Akamuuliza amejifunzia wapi. Evelina akamwambia kwa redio. Meneja akasema ni jambo la kutia moyo, laiti wafanyakazi wote wangekuwa na bidii hiyo. Akaeleza kwamba maandishi ya mlangoni yaliwekwa kwa ajili ya wakaguzi wanaotoka Ulaya, nao waliyapitisha. Lakini ombi lake amelisikia, na mlangoni pataongezwa Kiswahili. Alimsindikiza hadi kwenye ngazi, akampa na kilo mbili za minofu. Evelina aliipeleka kwa Shamsia.

Alirudi darasani. Mwalimu Odeta alimuuliza alikuwa wapi, na yeye akakishika kipaza sauti, akaweka dole gumba kwenye kitufe, akakibonyeza kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu," alisema, "mtu akisema mlango utafunguka, mimi namjibuje? Ova."

Redio ilikoroma. Honi ya kivuko ikasikika.

"Mwambie uko wazi," alisema Mwalimu Odeta. "Mwambie aingie. Ova."

Jibu hilo walilifanyia mazoezi darasa zima. Chenge alilitamka vibaya kuliko wote.

Jioni Evelina aliingiza jiko ndani, akasimama kizingitini. Mashimba alipokuja na kuanza kusema, alimwacha amalize, kisha akamwambia kwa Kiingereza: mlango uko wazi, Mashimba, ingia. Mashimba alinyamaza. Akamtazama bila kile kioo kati yao. Aliinama kwenye fremu ya mlango kama alivyozoea, kwa sababu alikuwa mrefu, akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Barafu ya nyusi ililainika. Walikaa hivyo mpaka giza.

Jioni iliyofuata alikuja tena, akasimama uani, akaanza upya. Ukifungiwa ndani, usiogope. Evelina akamjibu tena. Ikawa hivyo kila siku, na yeye hakupata maneno mengine ya mumewe zaidi ya hayo.

Mvua za vuli zilipoanza, darasa jipya lilifunguliwa. Shamsia alikuwa amepata kazi. Chenge alikuwa anarudia. Pembeni ya Evelina aliketi mwanamke kijana kutoka Kisesa, jina lake Hellen, kichwa kimenyolewa, pindo la kanga limelowa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Jioni mumeo anakaa karibu nawe sana," Evelina alisema, akiangalia lile pindo.

"Hana mwingine wa kukaa naye." Hellen alijifunika magoti. "Ana sentensi mbili, dada. Ya mwisho ni ya Kiswahili, hiyo naielewa. Ile ya kwanza ndiyo sijui."

"Ya mwisho inasemaje?"

"Atakayebonyeza bila sababu ya msingi atafukuzwa kazi."

 Ndicho kile Kiswahili Evelina alichokiomba kwa meneja.

"Ya kwanza inasema bonyeza," Evelina alisema. "Mlango utafunguka."

"Hiyo alikuwa anaijua," Hellen alisema. "Alikuwepo siku ile uliyokuja getini. Aliniambia. Nafikiri alijisemea angoje kwanza, huenda watamfungulia wenyewe."

Fundi Muharami alifunga dirisha. Redio ilikoroma, na Mwalimu Odeta akawakaribisha wanafunzi wapya, akawaambia watarajie nini: kichwa kuuma, kuchekwa, ndoto, na ule wakati wa kuelewa bila kuweza kujibu. Kisha akasema anataka kusikia sauti ya kila mmoja, akianza na mgeni wa Kisesa.

Evelina alimsogezea Hellen kipaza sauti. Hellen alikitazama kile kitufe, akaificha mikono ndani ya kanga.

"Mgeni wa Kisesa," redio iliita. "Upo?"

Evelina aliutafuta mkono wa Hellen ndani ya kanga. Ulikuwa wa baridi. Akautoa, akalishika dole gumba, akaliweka mahali pake.

"Bonyeza," alimwambia. "Hapa hafukuzwi mtu."