Mkono wa Kushoto Hauna Masikio

...umeuona huo, anasema kocha, tena huo, na mimi nitaachaje kuuona, nimesimama mbele ya kioo cha ukuta mzima napunga mikono kama nakimbia ilhali miguu imetulia, wa kulia unakwenda mbele na kurudi nyuma kwa adabu zake, wa kushoto ukifika kifuani unakata kona na kukunja ngumi chini ya shingo, mkaidi, tangu asubuhi, na mchana huu kocha anapeleka majina ya timu ya kupokezana vijiti, imebaki nafasi moja, na anayenizibia njia si mtu, ni mkono wangu mwenyewe... "Mkono ndio unaosawazisha kiuno, binti," anasema, sisi humwita Bwana Pembe, maana huyu hata chai hainywi kabla hajakagua pembe ya kiwiko chake, "ukivuka kifua, kiwiliwili kinajipinda, mguu wa kulia nao unatua kwa ndani, nguvu ya kukusukuma mbele inaishia kukuyumbisha," najua, kocha, najua mpaka nayaota, kiwiko kikunjwe ili mkono uwe mfupi na mwepesi, unyayo utue chini ya kiuno, ukitua mbele umejipigia breki, kichwa kimeelewa yote, nipe mtihani nipasi, ila mkono hauna masikio, laiti ningeweza kuuacha nyumbani, nimechoka nao, nimechoka kuambiwa ninachokijua... "Kwani nani alikufundisha kukimbia?" hakuna, nasema, mwenyewe tu, na papo hapo nahisi nimemkana mtu, kwa sababu alikuwepo mama, mama msafishaji wa ofisi za ghorofani, wafanyakazi wakishatoka alikuwa ananiambia haya, korido yetu hii, mpaka dirishani, naye anavua viatu anakimbia ubavuni mwangu, mnene, anahema, anacheka bila kutoa sauti, na lile furushi la funguo linaloning'inia shingoni amelikamata kwa mkono wa kushoto, amelibana hapa, hapa hapa chini ya shingo, zisigongane, mlinzi wa chini asije akasikia akamchongea kwa bosi, na mimi mbio sikuwahi kuziona kwa mtu mwingine, niliziona kwake, nikadhani ndivyo zilivyo, mkono mmoja unakimbia na mmoja unanyamazisha, sikuwa na funguo hata moja lakini nilibana... kumbe, wewe mkono, nakutukana miaka yote hii kumbe uko kazini... "Tena," anasema Bwana Pembe, napunga, unapanda, unakata kona, unafika palepale, anaguna, anatazama saa, na mimi nimwambie nini, nimwambie mama amestaafu, funguo alizikabidhi mwaka juzi, siku hizi anacheka mpaka majirani wanajua, hatufukuzwi tena na mtu, lakini si kocha wa kuambiwa hayo, nauambia mkono, taratibu, bila kuugombeza kwa mara ya kwanza leo, mama alifika salama, achia... "Tena, binti," na kwenye kioo mkono unapanda, unakata kona, unafika chini ya shingo kama kawaida yake, na kocha anatikisa kichwa, hajaona kwamba safari hii vidole viko wazi.