Kuinyoosha Landrova ya Mzee Fridolin

Watu wa Mchombe hawakuhitaji kuinua kichwa ili kujua kwamba Mzee Fridolin amepita. Landrova yake ilichora mistari minne kwenye tope badala ya miwili. Matairi ya mbele yalipita kwao na ya nyuma kwao, kama mke na mume waliogombana wakielekea misani. Gari lilikwenda Ifakara huku pua ikitazama porini. Lilipinda siku lilipobebeshwa mpunga kupita kiasi, na mzee hakutaka liguswe. Padri alilibariki likiwa limeshapinda, alisema, na nani anajua baraka ikitikiswa itakwenda kukaa wapi?

Matairi yenyewe hayakujali baraka. Yalilika upande mmoja mpaka nyuzi zikaonekana, na mwaka wa tisini na sita mzee akachoka. Ndipo akamkumbuka Fulgensi, fundi wa Viwanja Sitini kule Ifakara, kijana aliyekuwa akimtaka binti yake Balbina mpaka chakula hakimpiti kooni. Mzee hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alimwambia tu anyooshe gari kwanza, mengine baadaye.

Fulgensi akaja na sanduku la spana na maringo ya kutosha kijiji kizima. Mchombe ni tope na majaruba ya mpunga, kwa hiyo mahali pekee palipokuwa tambarare ni sakafu ya kuanikia mpunga pale kwenye mashine ya kukoboa. Akina mama waliombwa wasogeze mpunga wao, nao wakausogeza huku wakimteta waziwazi. Akanyoosha usukani, akavuta mshipi wa kuvulia samaki kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, akaukaza kwenye tofali. Upande wa kushoto mshipi uligusa ukingo wa mbele tu wa tairi la nyuma, kisha ukaacha nafasi ya kupitisha vidole. Akaingia uvunguni.

"Umeona nini huko?" mzee aliuliza.

"Bolti inayoshika springi imekatika, baba. Ekseli imerudi nyuma upande huu."

"Na baraka?"

"Hiyo sijakutana nayo, baba."

Balbina, aliyekuwa amekaa juu ya gunia, alijifuta uso kwa kanga ili asionekane anacheka. Fulgensi akalegeza springi, akaivuta ekseli mbele kwa mnyororo, akatia bolti mpya, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipopima tena, mshipi ulilala kwenye tairi lote, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Alijisikia kama ameshaoa.

Mzee akashika usukani. Fulgensi na Balbina wakapanda nyuma, wakasimama wakishikilia paa. Jambo ambalo fundi hakulipima ni mzee mwenyewe. Miaka yote ile alikuwa akiukata usukani kushoto ili gari liende mbele, na mikono yake haikujua namna nyingine. Walipofika barabarani akakata kushoto kama kawaida yake. Gari lililonyooka likamtii, likaacha barabara na kuzama kwenye jaruba la watu.

Mashimba, Msukuma wa jirani, akaleta maksai wake wakalivuta gari. Alimtazama fundi, akaitazama Landrova, kisha akawapapasa maksai wake shingoni kwa upendo mkubwa. Fulgensi alitamani ardhi impasukie.

"Rudisha lilivyokuwa," mzee alisema, tope likimchuruzika magotini. "Nilikwambia kuna baraka. Rudisha, ndipo tuzungumze habari ya binti yangu."

Fulgensi akachukua spana. Angepinda hata reli ya Tazara kwa ajili ya Balbina. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya tairi Balbina alipoinama karibu naye.

"Ukilipinda hilo gari," alisema kwa sauti ya chini, "kesho baba atakutuma upinde kingine, na keshokutwa kingine. Mimi sitaki mume wa kutumwa hivyo. Chagua."

Fulgensi aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Akasimama.

"Baba, nisamehe. Gari limenyooka. Silipindi tena."

Mzee akaenda kuzitazama alama kwenye tope, tangu sakafuni hadi pale gari lilipoacha barabara. Mistari ilikuwa miwili tu, mpaka jarubani. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Sasa nijifunze kuendesha upya, na uzee huu?" alisema. Akapanda, akampa Fulgensi ishara akae kushoto kwake. "Nikikata kushoto, nichape mkono."

Fulgensi akapanda, na Balbina akarudi kusimama nyuma. Mtu hamgusi baba mkwe hata bega, sembuse kumchapa, tena kabla ya posa, tena mbele ya akina mama wa mashineni ambao wangeifikisha habari hiyo Ifakara kabla ya jua kuzama. Gari likaondoka. Mkono wa mzee ukaanza kwenda kushoto taratibu, na jaruba likaanza kusogea.

Fulgensi akafumba macho, akachapa. Kishindo kilisikika hadi nyuma alikosimama Balbina. Gari likarudi katikati ya barabara.

Mzee akapuliza mkono wake bila kumtazama.

"Polepole," alisema. "Hujaoa bado."