Siku Bonge Alipogeuzwa

Mtaa mzima ulimwita Cherehani, na si kwa sababu ya kazi yake ya kushona tu. Mdomo wake ukishaanza, ulikuwa haujui kituo. Ndiyo maana mumewe alipolazwa chumba cha wagonjwa mahututi, nimonia imemjaa mapafuni na mashine ikimpumulia, jirani aliyemsindikiza alishangaa kumwona amekaa kimya karibu na mlango, mkoba mapajani.

Ukimya ulikwisha alipouliza daktari bingwa yuko wapi.

"Yule pale," nesi mkuu akamjibu, akionyesha skrini iliyofungwa kwenye mlingoti wa chuma wenye magurudumu. Ndani yake alionekana mwanamke mwenye miwani, anakunywa chai.

"Pale wapi?"

"Yuko hospitali kubwa, mbali huko. Anamwona mgonjwa, na namba zote za mashine anazo mbele yake. Sisi huku ndio mikono yake."

"Yaani mume wangu yuko hoi, halafu daktari wake anakunywa chai mji mwingine!"

"Shikamoo mama," ikasema skrini. "Nakusikia."

Cherehani nusura aangushe mkoba. "Marahaba," akajibu kwa shingo upande, kisha akamgeukia nesi na kumnong'oneza kwamba yeye anataka daktari mwenye miguu.

Mumewe, fundi rangi wa miraba minne, aliitwa Bonge tangu utotoni. Siku iliyofuata, wakati wa kuona wagonjwa, mashine yake ilianza kupiga kelele. Namba ya oksijeni ikawa inashuka. Daktari kijana wa zamu akaja mbio. Kwenye skrini, bingwa aliweka kikombe chini, na kamera ikazunguka yenyewe, ikampitia Bonge kuanzia utosini mpaka vidoleni.

"Tumlaze kifudifudi," alisema. "Mapafu yatapata nafasi upande wa mgongoni. Mko wangapi?"

"Wanne, daktari."

"Kwa mwili huo nataka watano. Mama wa pale mlangoni, una nguvu?"

"Nimelala kitanda kimoja na huyu mtu tangu ujana wangu, wewe unaniuliza nguvu?"

Wakamvalisha gauni, barakoa na glavu. Daktari kijana alishika kichwa pamoja na mpira wa kupumulia. Huo ndio haukutakiwa kuchomoka hata kwa bahati mbaya. Manesi wakagawana mabega na kiuno. Cherehani akapewa miguu.

"Msikimbie," sauti ya bingwa ilikuwa tulivu. "Kwanza kwa ubavu. Nesi wa kulia, mrija wa mkononi unavutika, ulegeze. Safi. Haya, daktari, wewe ndiye unayehesabu."

Bonge aligeuka taratibu kama kabati linalopitishwa mlango mwembamba. Wakamwekea mito, wakarudi nyuma, wakatazama namba. Namba nayo ikawatazama tu.

"Mbona haipandi?" Cherehani aliuliza, na safari hii aliiuliza skrini.

"Tuipe muda, mama. Hata mimi naisubiri."

Na kweli aliisubiri. Chai yake ilipoa pale pembeni asiiguse. Namba ilipoanza kupanda, kidogo kidogo, Cherehani alikaa sakafuni, akalia na kucheka kwa pamoja.

Tangu hapo akawa hapiti bila kuisalimu skrini. Alimwita bingwa "mwanangu", akamsimulia wateja wasumbufu na mashemeji wavivu, mpaka nesi mkuu akawa anamkumbusha kwamba kuna wagonjwa wengine. Kisha, kwa kuona vumbi linamchafua daktari wake, akashona mfuniko wa kitambaa chenye maua na marinda, akaufunika mlingoti wote bila kumwambia mtu.

Simu ya wodi ililia papo hapo. "Jamani, huko kuna nini? Sioni kitu!"

"Ni mimi, mwanangu," Cherehani alisema akiuvua mbio. "Nilikuwa nakupendezesha."

Upande wa pili kukasikika kicheko cha watu zaidi ya mmoja.

Bonge alipopata nafuu, wakamtoa mpira. Bingwa akamuuliza kama anajua yuko wapi. Aliitazama skrini, akamtazama mkewe, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Sijui. Ila huyu akiwepo, siwezi kuwa nimekufa. Angeniacha nipumzike."

"Akili iko sawa," bingwa akasema. "Mpelekeni wodi ya kawaida."

Wakati wa kuhama, Cherehani alijipanga kuaga vizuri, hata maneno alikuwa ameyatunga. Lakini skrini ilikuwa imeshasogezwa kitanda cha pili, mgongo ukiwa kwake. "Nesi, niinulie kichwa cha kitanda kidogo," sauti ile ilikuwa ikisema, ikimhudumia mgonjwa mwingine. "Hapo hapo. Asante."

Cherehani alisimama, akasikiliza kidogo. Akapunga mkono ambao hakuna aliyeuona, akaenda kumtafutia mumewe viatu.