Jiwe la Kona la Doña Domitila

Tangu nishike tindo sijawahi kuvunja jiwe hata moja. Anayebisha aende akayaulize mawe. Yapo mengi, na hakuna lililowahi kunishitaki.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijigamba mwaka juzi, mwezi wa Aprili, kwa yeyote aliyekosea akasimama karibu yangu. Tulikuwa tunajenga ukuta wa shamba la mipichi la Doña Domitila. Mbuzi wa jirani yake walikuwa wamekula nusu ya shamba, naye akaapa kwamba atalizungushia ukuta wa mawe ya kuchonga kwa mkono. Waya, alisema, mbuzi wanauruka, na matofali ni ya watu wasio na subira.

Wachonga mawe tulikuwa watatu. Mkuu wetu alikuwa Don Crisóforo, mwanamume ambaye tumbo lake hufika kazini kabla yake. Wa pili alikuwa Eduviges, ambaye sote tulimwita Viges, binti wa Don Wenceslao mwenye machimbo. Huyo alikuwa akichonga jiwe kama wengine wanavyokata mkate, bila kelele na bila jasho. Wa tatu ni mimi, Nabor, mwenye cheti cha sekondari ambacho mama alikitundika ukutani juu kidogo ya picha ya Bikira Maria, mpaka bibi alipokuja akakishusha.

Sasa, kwetu tarehe tatu Mei ni siku ya Msalaba Mtakatifu, sikukuu ya mafundi wa ujenzi. Siku hiyo hakuna anayegonga jiwe. Mnapandisha msalaba uliovikwa maua ya karatasi juu ya kazi yenu, hata kama kazi yenyewe imefika magotini. Padre anabariki, fataki zinalia, na mwenye kazi anawalisha mafundi mpaka wao wenyewe waombe msamaha. Lakini kikosi cha Don Crisóforo kilikuwa na desturi yake nyingine. Msalaba wetu husimama juu ya jiwe la kona, na aliyelichonga jiwe hilo anaitwa mwenye kona kwa mwaka mzima. Mwenye kona ndiye anayechonga kona zote, matao na vizingiti. Wengine wanachonga mawe ya katikati, yale ambayo hata mbuzi hawayatazami.

Miaka mitatu nilikuwa wa katikati. Mwaka huo Don Crisóforo akaniambia, "Nabor, jiwe la kona ni lako. Ukilifikisha salama hadi siku ya Msalaba, wewe ndiye mwenye kona. Likikushinda, kona ni ya Viges."

Nilimwambia mama kabla sijaliambia jiwe. Mama akauambia mji mzima.

Jiwe lenyewe lililetwa Jumatatu na Don Wenceslao, kwa lori lake linalokohoa. Lilikuwa la rangi ya pinki kama pera lililokatwa, kubwa kiasi cha mbuzi aliyelala. Aliligonga kwa kichwa cha nyundo mbele yetu sote, nalo likaita kama kengele ya shule.

"Mnasikia?" akasema. "Zima kabisa. Mkiliharibu, msije kunililia."

Jiwe kama hilo halichongwi kwa hasira. Unalichorea mstari wa mkaa kuzunguka pande zake, unachonga kwanza ukingo mwembamba kufuata mstari, kisha ndiyo unashusha kitumbo cha katikati. Na daima unagonga kutoka ukingoni kwenda ndani. Ukigonga kutoka ndani kwenda nje, ukingo unaaga na kuondoka. Hilo ni jambo la siku ya kwanza kazini. Hata mimi nilikuwa nalifundisha watu.

Kufikia Jumatano asubuhi nilikuwa nimemaliza nyuso tatu, na mdomo wangu ulikuwa umemaliza nne.

"Nabor," Viges akaniita kutoka kwenye jiwe lake, "hilo jiwe unalichonga au unalihadithia?"

"Yote mawili. Ni kipaji."

"Basi punguza kimoja. Jiwe limeanza kusinzia."

"Wewe una wivu tu. Anza kuzoea kuniita mwenye kona."

"Nitakuita ukimaliza. Hapo ulipofika, wewe humalizi kabla ya jioni."

"Mimi? Kabla hujarudi kula nitakuwa nimemaliza, na nitakuwa nimenawa mikono."

Viges akacheka, akajipangusa vumbi, akaenda machimboni kwa baba yake kuchagua mawe ya kujazia. Don Crisóforo alikuwa ameshakwenda mjini kununua fataki na karatasi za maua. Nikabaki mimi, jiwe, na maneno yangu.

Kilichobaki kwenye uso wa nne, wa mwisho kuchongwa, kilikuwa nundu moja, ukubwa wa ngumi, karibu na kona ya juu. Kuiondoa vizuri ilibidi jiwe ligeuzwe, ili nigonge kutoka ukingoni kwenda ndani. Kuligeuza jiwe lile kwa mtaimbo, mtu mmoja, ni nusu saa ya kuugulia kiuno. Nikatazama jua. Nikatazama njia ya machimboni. Nikajisemea kwamba sheria ziliwekwa kwa ajili ya watu wasio na mkono mwepesi, nikaweka tindo upande wa ndani, nikapiga mara moja tu.

Jiwe likatoa sauti kama ya mtu mzima anayeguna. Kipande cha ukubwa wa mkate wa boflo kikajitenga taratibu, kwa adabu zote, kikaja kulala kando ya kiatu changu.

Naomba ieleweke kwamba sikutaharuki. Fundi wa kweli hataharuki. Nilikaa, nikafikiri, nikaenda kwenye mpungate, ule mmea wa miiba wenye majani manene, uliokuwa kando ya shamba nikakata majani manne. Utelezi wa mpungate ukiuchanganya na chokaa unashika kuliko ahadi ya mchumba. Mababu zetu walijengea makanisa kwa mchanganyiko huo. Nikakoroga utelezi, chokaa na vumbi la jiwe lile lile ili rangi ifanane. Nikakirudisha kipande mahali pake, nikakifunga kwa kamba kwa muda mpaka kikashika, kisha nikaufuta ule mshono kwa kidole na kuupitishia tindo kidogo juu yake. Nundu nayo ilikuwa imeshatoka, kwa hiyo ukitazama vizuri kazi ilikuwa imekwisha. Ilipendeza mno, nusura niamini kwamba ndivyo nilivyokusudia.

Likabaki tatizo la sikio. Don Crisóforo hugonga kila jiwe kabla halijapanda ukutani. Jiwe zima huita. Jiwe lenye ufa hukohoa. Lakini jiwe likishalazwa juu ya udongo mbichi wa chokaa, zima na bovu yote yanakuwa mabubu. Nikalitia jiwe langu kwenye winchi ya mnyororo, nikalipandisha polepole kama namweka mtoto mchanga kitandani, nikalilaza pale konani kwenye kimo cha kifua. Waliporudi, walinikuta nimeketi kivulini, mikono imenawa.

"Umeshalipandisha?" Don Crisóforo akauliza.

"Nguvu zilinizidi, Don Cris."

"Sijaligonga."

"Nimeligonga mimi. Limeita mpaka mbwa wa Doña Domitila wakaitikia."

Akapitisha dole gumba ukingoni. Roho yangu ilikuwa imekaa kwenye dole gumba hilo. "Safi," akasema. "Safi mno."

Viges alilizunguka jiwe mara mbili. "Uliligeuza peke yako?"

"Viges, wengine wetu tunakunywa chai nzito asubuhi."

Aliniangalia tu namna watu wanavyomwangalia muuza samaki.

Jumamosi, siku ya Msalaba, ikafika na jua lake lote. Doña Domitila alikuwa amechinja mabata mzinga wawili na kuwatia katika mole, ule mchuzi mweusi mzito wa pilipili na kakao ambao mama zetu huukoroga siku mbili. Chapati za mahindi zilikuwa zimerundikwa ndani ya kitambaa, na pombe ya mkonge ilikuwa ikitoka pipani yenye povu. Mama yangu alivaa gauni la harusi za watu. Don Wenceslao alikuja na kofia mpya. Tukapandisha msalaba wenye maua ya karatasi mekundu na meupe juu ya jiwe langu, fataki zikapigwa, na Don Crisóforo akasimama na kikombe mkononi.

"Miaka thelathini na mimi nasimamisha misalaba," akasema, "na sijaona kona iliyokaa hivi. Nabor, mwanangu, mdomo wako umenichosha, lakini mkono wako umeniridhisha. Baada ya padre kubariki, nitakutangaza."

Mama akaanza kulia mapema, ili asije akachelewa.

Padre Ubaldo ni mtu mfupi mwenye mkono mrefu. Wengine hunyunyiza maji ya baraka kama wanatia chumvi. Yeye humwaga kama anaoga. Alichovya shada la maua kwenye ndoo, akaupiga msalaba, akaipiga kona, akatupiga na sisi, akachovya tena. Jiwe langu likalowa lote, likaiva rangi. Tukasema amina, tukachukua sahani, tukaketi kula tukilitazama.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mchonga mawe yeyote analijua, na ambalo siku tatu nzima halikunijia kichwani. Machimboni, jiwe likitiliwa shaka halimwagiwi dua, humwagiwa maji. Uso wa jiwe hukauka haraka juani, lakini ufa umekunywa, na aliyekunywa hachelewi kujulikana. Nilikuwa nimeukimbia mkono wa Don Crisóforo na nyundo yake, nikaisahau ndoo ya Padre Ubaldo.

Jiwe likaanza kukauka kutoka pembezoni. Kwanza juu, kisha ubavuni. Halafu, polepole, kama mtu anayechora kwa kalamu, mstari mweusi ukajitokeza, ukashuka, ukapinda, ukaizunguka ile kona yote. Mazungumzo yakapungua meza baada ya meza.

Don Wenceslao akaliweka paja la bata mzinga chini. "Crisóforo. Ile ni nini?"

Don Crisóforo alinitazama mimi.

"Ule ni ufa wa machimboni," nikasema. "Hutokea. Mawe ya siku hizi, Don Wenceslao, hayana malezi."

Viges akaacha kutafuna.

"Kijana," Don Wenceslao akasema, "jiwe lile niliwagongea hapa hapa. Liliita."

"Liliita, sikatai. Huenda lilikuwa linaita msaada."

Watu wakacheka, na mimi kicheko hunilevya kuliko pombe ya mkonge, nikaendelea. Nikasema pengine ni lori, maana lile lori linaruka kila shimo. Nikasema wako watu wanaouza mawe mabovu bila kujua, na hilo si dhambi, ni umri. Don Wenceslao akavua kofia yake mpya akaiweka magotini, na uso wake ukawa wa mtu aliyechimba mawe miaka arobaini na kwa mara ya kwanza anaambiwa ameuza bovu, tena mbele ya majirani. Nikamwona, na bado nikasema, "Mimi nililichonga lilivyokuja. Na kwa bahati mbaya siku ile nilikuwa peke yangu, hapakuwa na wa kunishuhudia."

"Nilikuwepo mimi," akasema Doña Domitila.

Alikuwa amesimama kando ya sufuria ya mole, mwiko mkononi, bila haraka.

"Jumatano nilikuwa juu ya paa, naanika pilipili. Alipiga mara moja, kipande kikaanguka. Akakirudishia kwa mpungate wangu. Nilidhani ndivyo mnavyojenga, Don Crisóforo, nikasema nisiingilie ufundi wa watu. Lakini Don Wenceslao asisingiziwe. Jiwe lake lilikuwa zima."

Don Crisóforo alimaliza kwanza kutafuna alichokuwa nacho mdomoni. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti:

"Nabor. Muombe radhi mzee wa watu."

Nikasimama, nikamwomba radhi Don Wenceslao, na safari hii sikutia utani. Aliitikia kwa kichwa, akairudisha kofia yake kichwani. Mama alikuwa ameshaacha kulia na sasa alikuwa ananitazama kwa macho makavu, jambo lililo baya zaidi.

"Viges," Don Crisóforo akaendelea, "Jumatatu utaliondoa lile na kuchonga jingine. Kona ni yako. Na wewe, Nabor, utakuwa unamgeuzia jiwe. Kila mara atakapotaka ligeuzwe."

"Napenda kugeuziwa mara nyingi," Viges akasema. "Nyuso zote sita. Halafu nikisahau nilipoanzia, tunaanza tena."

Kila mtu akacheka, hata Don Wenceslao, na nikaona meza inanirudia kidogo. Nikataka kuokoa kilichobaki.

"Sawa," nikasema, "kona imekwenda, nimekubali. Lakini mnipe haki yangu moja. Sikutaharuki. Jiwe lilivunjika, nikakaa, nikafikiri, nikakoroga, nikafunga kwa kamba, kama fundi."

"Kamba gani, mwanangu?" akauliza Doña Domitila, huku akinipakulia mole kwa huruma. "Kamba ya hapa nilikuwa nimeianikia nguo. Wewe ulivua suruali, ukalifunga jiwe kwa miguu yake, ukalikumbatia ukiwa na chupi yako ya kijani saa nzima, unaliambia, 'Shika, baba, nakuomba shika, mama ameshatangaza.'"