Nafasi ya Jina Moja

Kabla ya adhana ya alfajiri, mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa ikikwaruza jikoni kwa Moza. Alikuna nazi ya vitumbua vya kuuza, na mwanawe Mbaraka alikuwa akikoka moto, ndipo msumeno wa injini ukanguruma nyuma ya nyumba.

Pale Utende, kisiwani, ardhi huweza kuwa ya mmoja na minazi ikawa ya mwingine. Kiwanja kilikuwa cha shemeji yake, Kitwana. Minazi arobaini na mmoja ilikuwa ya Moza, aliipanda baba yake, na hakuna aliyewahi kudai karatasi kwa jambo hilo.

Wiki mbili nyuma, Kitwana alipokuwa akikiuza kiwanja, alikuja mthamini aliyetumwa na mnunuzi, binti aitwaye Faraja, na simu yake. Alivua viatu mlangoni, akamtua Moza ndoo, akazunguka naye mnazi kwa mnazi. Moza alimweleza yote. Faraja akatafuta pa kuandika. Fomu ya simuni ilikuwa na nafasi ya jina moja, la mwenye ardhi. Alisema benki ingeuliza mengi, lakini mteja wake hakopi, ananunua kwa fedha zake. Anataka vipimo, picha na bei. Habari ya minazi akaiandika chini kabisa, penye maelezo mengineyo. Moza akaridhika. Kwao, neno likishasemwa mbele ya mtu linatosha.

Sasa mnazi wa kwanza uliangukia choo. Moza alikimbia akaukumbatia wa pili.

"Bibi, toka," alisema mlinzi wa mnunuzi. "Tajiri kanunua kila kilichosimama hapa."

"Kanunua kwa nani?"

"Kwa mwenyewe. Jina lipo kwenye fomu."

Hakuuachia. Mlinzi akampiga rungu mkononi, mfupa ukalia. Mbaraka akatoka na panga, akamkata mlinzi begani. Wenzake watatu wakamwangusha, wakampiga mateke ya uso mpaka meno yakabaki mchangani. Mkata miti mmoja alizima msumeno, akavua shati lake, akamfunga Moza mkono taratibu. Kisha akauwasha tena.

Siku ya nne Faraja aliingia wodini na machungwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akaomba radhi. Mteja alisoma ukurasa wa kwanza tu. Leo Faraja ametumwa kujaza fomu nyingine, maana kiwanja kimesafishwa na bei imepanda. Kuna swali linalouliza kama pana mgogoro.

"Nikijibu ndiyo, watamtuma mwingine aje ajibu hapana."

"Na wewe umejibu nini?"

Faraja alimenya chungwa mpaka likaisha maganda.

"Hapana."

Akamlisha kipande kimoja kimoja, akimtolea kokwa kwa kidole. Mbaraka alikuwa mahabusu. Kitwana alikwishavuka kwenda bara. Faraja alipoinuka, Moza alimshika upindo wa mtandio kwa mkono uliobaki mzima.

"Utakuja tena kuniona?" alimwuliza. "Sina mwingine."